Kabla ya Ndoo ya Rangi: Mwongozo wa Sanaa ya Mtaani kwa Wakazi wa Mbeya na Iringa

Agosti 2024, Eldoret nchini Kenya ilipokuwa ikijiandaa kutangazwa jiji, wakazi wake walikuta sanamu za wanariadha zimesimamishwa mjini. Pale ni nyumbani kwa mabingwa wa mbio ndefu. Hata mtoto wa shule anajua bingwa anavyonyoosha mguu na anavyobeba mikono. Sanamu zile hazikufanana na mkimbiaji yeyote waliyemjua. Kejeli zikajaa mitandaoni, na ndani ya siku chache zikang'olewa. Ni rahisi kumcheka fundi, lakini kosa halikuwa lake peke yake. Mkazi mmoja tu wa pale, akionyeshwa mchoro kabla saruji haijachanganywa, angesema papo hapo kwamba huyu si mkimbiaji.

Mwongozo huu ni wako wewe unayetaka picha, nakshi au sanamu mahali pa wazi katika mtaa wako: ukuta wa shule ya msingi Kihesa, uzio wa zahanati Uyole, upande wa soko, kona ya stendi. Hoja yake ni moja: wenyeji waingie wakati wa kuamua, si wakati wa kupaka. Mtindo uliozoeleka ni kinyume chake. Kikundi kinapata ufadhili, mchoraji anamaliza kazi yote kichwani mwake, siku ya mwisho watoto wanapewa brashi wapake maua ya pembeni, picha inapigwa, na ripoti inaandikwa kwamba jamii ilishirikishwa. Hapo jamii ilipambwa tu. Kushiriki kwa kweli kuko katika maamuzi matatu: ukuta upi utumike, kitu gani kichorwe (pamoja na haki ya kusema hapana), na nani atautunza mvua zikishapita.

Kwa nini uanze na watu

Nyanda za Juu Kusini si mahali pageni kwa sanaa ya nje. Pembezoni mwa mji wa Iringa, kwenye mwamba wa Igeleke, kuna michoro myekundu iliyoachwa na watu wa kale. Kwenye kuta za shule zetu nyingi za msingi kuna ramani ya Tanzania na mfumo wa mmeng'enyo wa chakula wa binadamu. Na kila mtaa una mchoraji wa mabango anayechora kichwa kilichosukwa juu ya mlango wa saluni, kazi safi kabisa ambayo hatuiiti sanaa kwa sababu imelipiwa na mama wa saluni. Kinachokosekana ni kauli ya wakazi juu ya kile watakachokitazama kila siku. Tembea Mwanjelwa au Soweto jijini Mbeya, au Miyomboni na Mlandege mjini Iringa, uangalie maduka yaliyopakwa rangi nzima nzima za kampuni za simu na vinywaji. Mwenye duka amekubali, na huenda amefaidika na rangi ya bure, lakini wanaopita hawakuulizwa. Kwa hiyo mtu akidai kwamba kushauriana na mtaa kuhusu ukuta mmoja ni usumbufu, mwambie kwamba tayari kuta zetu zinaamuliwa, ila zinaamuliwa na mwenye fedha.

Historia yetu inasema hivyo hivyo. Agosti 1891, pale Lugalo, wapiganaji wa Mkwawa waliliangamiza jeshi la Kijerumani lililoongozwa na Emil von Zelewski. Mnara uliosimamishwa pale baadaye na Wajerumani uliwakumbuka Zelewski na watu wake. Wahehe walioshinda, ardhi ikiwa yao, hawakuwa na neno ndani yake. Mnara wa mahali pa wazi husema maneno ya aliyeuweka. Ukiuweka wewe peke yako na kikundi chako cha watu watano, utasema maneno ya watu watano.

Wapo wanaojibu kwamba kamati huua ubunifu: ukiwauliza watu mia, utapata picha ya simba, mlima na mwenge, kila mtu ameridhika na hakuna anayeitazama mara ya pili. Pingamizi hili lina ukweli, na dawa yake ni kugawa kazi. Mjini Los Angeles, Judith Baca alisimamia ukuta wa picha unaoitwa Great Wall, wenye urefu wa zaidi ya mita 800, uliochorwa kati ya 1976 na 1983 na vijana zaidi ya 400. Simulizi za familia na za wazee ziliingia katika historia iliyochorwa, vijana walipaka, lakini mpangilio wa picha ulibaki mikononi mwa wasanii. Watu walitoa kisa na msanii akatoa umbo. Upande wa pili wa mizani yupo Richard Serra, mchongaji hodari kuliko wengi wa zama zake, ambaye 1981 aliwekewa ukuta wake wa chuma wenye urefu wa mita 36 katikati ya uwanja wa ofisi za serikali mjini New York. Wafanyakazi waliolazimika kuuzunguka kila siku waliupinga kwa saini na kwa ushahidi mbele ya kikao cha wazi, na 1989 ukakatwa ukaondolewa. Ubora wa kazi haukuuokoa.

Pingamizi zito zaidi ni lile la maji. Mtaa wenye bomba linalotoa maji mara mbili kwa wiki unahitaji picha ya nini? Hili usilijibu kwa maneno matamu. Fedha ya rangi ya ukuta mmoja haichimbi kisima, hilo ni kweli, lakini mkutano una haki ya kukuambia kwamba si sasa. Ukiambiwa hivyo, funga daftari uondoke kwa amani. Haki ya kukataa isiyoweza kutumika si haki. Mara nyingi, hata hivyo, utaelekezwa kwenye ukuta wenye kazi: ramani ya mtaa kwenye zahanati ili mgonjwa ajue pa kwenda, au onyo la mwendo kasi mahali watoto wanapovukia barabara.

Hatua kwa hatua

1. *Mjue mwenye ukuta, kwa maandishi.* Anzia kwa mwenyekiti wa mtaa na afisa mtendaji wa mtaa, kisha mtendaji wa kata, kisha afisa utamaduni wa halmashauri. Ukuta wa shule una kamati ya shule na mkurugenzi wa halmashauri juu yake. Ukuta wa mtu binafsi una mtu na mrithi wake. Kando ya barabara kuu eneo la hifadhi liko chini ya TANROADS, na barabara nyingi za mitaani ziko chini ya TARURA. Hili si urasimu wa bure. Upanuzi wa barabara ya njia nne kati ya Nsalaga na Ifisi umeonyesha kwamba ukuta ulio ndani ya hifadhi ya barabara hauna umri. Uliza kwanza kama utakuwepo miaka mitano ijayo.

2. *Unda kamati ndogo yenye meno.* Watu saba hadi tisa wanatosha. Awepo mjumbe wa serikali ya mtaa, mwalimu, fundi rangi au mchoraji wa mabango, mama lishe au mfanyabiashara anayekaa karibu na ukuta, kijana wa kijiwe cha bodaboda, mzee mwenyeji, na mtu mwenye ulemavu. Huyu wa mwisho asiwe wa kujaza nafasi: Iringa ina Neema Crafts, karakana ambayo tangu 2003 imeonyesha kwamba watu wenye ulemavu ni mafundi kamili. Atakuambia mambo usiyoyafikiria, kama kuweka sehemu ya nakshi ya kuguswa kwa mkono katika kimo cha aliyeketi kwenye kiti cha magurudumu. Andikeni mapema kwamba bila saini ya kamati hakuna rangi inayopakwa.

3. *Sikiliza mahali watu walipo.* Mkutano wa mtaa ni wa lazima lakini hautoshi, kwa sababu asubuhi ya mkutano wauza mboga wako sokoni na madereva wa bajaji wako barabarani. Wafuate. Wala usiulize "mnataka tuchore nini?" Swali hilo huleta simba na mlima. Uliza: mgeni akija hapa ungempeleka wapi? Hapa palikuwa na nini kabla ya nyumba hizi? Ni nani amefanya kazi mtaani hapa na hajawahi kutajwa? Mwanjelwa, kwa mfano, soko liliteketea kwa moto 2006, na waliopoteza mali siku ile wana ya kusema ambayo hayamo katika kalenda yoyote. Andika majibu kwa maneno yao.

4. *Mpate mchoraji, na umlipe.* Tangaza kwa wasanii wa mkoa wako kabla ya kuagiza mtu Dar es Salaam. Mchoraji wa mabango anaijua rangi na ngazi; aliyesoma sanaa anajua mpangilio wa picha kubwa; waunganishe. Mkataba uwe wa ukurasa mmoja: malipo kwa awamu, tarehe, nani ananunua rangi, na mara ngapi rasimu itabadilishwa (mbili zinatosha, la sivyo atachoka nawe utachoka). Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda aliyechora, kwa hiyo andikeni pia nani ataruhusiwa kuchapisha picha hiyo kwenye fulana au tangazo, na itakuwaje siku ukuta ukihitaji kubomolewa.

5. *Weka rasimu hadharani kwa wiki mbili.* Si kwenye simu ya katibu. Bandika nakala kubwa, yenye rangi, kwenye ukuta wenyewe au dirisha la ofisi ya mtaa, pamoja na boksi au daftari la maoni. Mtu wa kamati akae hapo saa za watu wengi, asikilize wanavyocheka. Kicheko cha wapita njia kingewafaa sana watu wa Eldoret.

6. *Andaa ukuta, kisha chora.* Maelezo yako hapa chini, kwa sababu hapa ndipo fedha nyingi hupotea.

7. *Kabidhi kwa maandishi.* Mtaa upewe orodha ya rangi zilizotumika, majina na namba zake kama zilivyo kwenye makopo, na makopo yaliyobaki yakiwa yamefungwa vizuri. Chini ya picha yaandikwe majina ya waliochora na mwaka.

Nani aonekane ukutani

Hatua ya tatu na ya tano huficha jambo gumu kuliko rangi. Mbeya kama mji wa kisasa ulianza mwaka 1927, enzi za dhahabu ya Lupa, katika nchi ya Wasafwa, na tangu hapo umejaa Wanyakyusa, Wanyiha, Wandali, Wakinga, Wabena na wengine wengi. Picha ya "utamaduni wa Mbeya" yenye ngoma ya kabila moja itapendeza kwa nusu ya mtaa na kuudhi nusu nyingine, na wale wa pili hawatakuambia. Watakaa kimya tu, na siku picha itakapochakaa hakuna atakayeshughulika. Njia salama na yenye uhai zaidi ni kuchora kazi na mahali: mavuno ya viazi, chai ya Rungwe, vyungu vya Wakisi wa Ikombe, treni ya TAZARA, milulu inayosukwa kuwa vikapu vya Iringa. Mitindo ya vikapu hivyo, ikikuzwa hadi mita mbili, ni nakshi tosha ya uzio mzima, na wanaosuka ndio wanaopaswa kulipwa kwa kuichagua.

Kwa watu mashuhuri, nenda taratibu zaidi. Mtwa Mkwawa ana ukoo unaoishi, na fuvu lake, lililorudishwa kutoka Ujerumani 1954, limehifadhiwa katika makumbusho ya Kalenga. Kabla ya kumchora, zungumza na wazee wa ukoo na watu wa makumbusho, hata kama hakuna anayekulazimisha. Makumbusho yaliyo katika boma la zamani la Wajerumani mjini Iringa, yaliyofunguliwa 2016, pia ni mahali pazuri pa kuuliza kabla ya kubuni vazi au silaha kutoka kichwani. Mtu aliye hai achorwe kwa ridhaa yake ya maandishi. Na uwe mwangalifu na rangi: kijani na njano pamoja vitasomwa kama bendera ya chama, hasa mwaka wa uchaguzi, utake usitake.

Usichore kamwe juu ya mwamba wa asili. Gangilonga na miamba mingine ya Iringa inavutia mkono wa mchoraji, lakini mwamba hauna mmiliki wa kukupa ruhusa wala mtu wa kuufuta salama, na rangi ya dukani ikishaingia kwenye vinyweleo vya jiwe la granaiti imeingia.

Ukuta, hewa na rangi

Mchoro mwingi unaokufa mapema huku kwetu hauuawi na wahuni. Unauawa na chokaa, unyevu na papara. Kuta nyingi za shule zimepakwa chokaa miaka nenda rudi, na rangi ya maji ya nje ikikaa juu ya chokaa hubanduka kama ganda la yai. Pitisha kiganja ukutani: kikitoka na unga mweupe, ukuta ukwanguliwe kwa brashi ya waya, uoshwe, ukauke, kisha upakwe praima. Kwa unyevu, bandika kipande cha nailoni angavu cha nusu mita kwa nusu mita, uzibe kingo zote kwa utepe wa gundi, ukiache hadi kesho yake. Ukikuta matone upande wa ndani, maji yanatoka ukutani. Tafuta chanzo, kwa kawaida ni paa lisilo na mfereji au ardhi iliyopanda juu ya msingi. Chumvi nyeupe chini ya ukuta wa tofali za kuchoma isuguliwe ikiwa kavu. Ukiimwagia maji unairudisha ndani. Lipu mpya ipewe wiki nne kabla ya rangi yoyote. Na rangi ya mafuta ya zamani usiisugue kwa msasa mkavu karibu na watoto, kwani inaweza kuwa na risasi.

Mvua za nyanda hizi huanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili au Mei, kwa hiyo kiangazi ndicho msimu wako. Lakini Juni na Julai nazo zina mtego. Asubuhi za Mbeya hushuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi, na rangi ya maji haishiki vizuri katika baridi hiyo. Anza baada ya saa nne asubuhi, acha saa kumi jioni. Agosti hadi Oktoba ni bora zaidi. Jua la mwinuko wa zaidi ya mita 1,500 ni kali hata hewa ikiwa baridi, nalo hula rangi nyekundu na njano za bei rahisi kwanza. Rangi zitokanazo na kutu ya chuma, yaani wekundu wa tofali, njano ya udongo, kahawia, hudumu. Ni jamii ile ile ya wekundu unaoonekana Igeleke. Kama una hiari, chagua ukuta unaotazama kusini, maana jua la kiangazi hupita upande wa kaskazini. Sentimita 60 za chini ziachie rangi nyeusi au ya udongo, kama wafanyavyo wenye nyumba, kwa kuwa matope ya mvua yatarukia hapo hata ufanyeje.

Hesabu ya rangi ni rahisi. Ukuta wa mita 20 kwa mita 2.5 ni mita za mraba 50. Lita moja hufunika takriban mita za mraba 10 kwa mkono mmoja kwenye lipu laini, kwa hiyo mikono miwili ya rangi ya chini ni lita 10. Lipu ya kukwaruza inaweza kula karibu mara moja na nusu ya hapo. Kuhamisha mchoro, gawa rasimu kwa miraba ya sentimita 5 na ukuta kwa miraba ya sentimita 50, kila mraba uwe na namba. Sasa ndipo umati unaingia kwa faida: mchoraji anachora mistari, anaandika namba ya rangi ndani ya kila umbo, na hata darasa la tatu linajaza bila kuharibu. Watoto wabaki chini, jukwaani wapande watu wazima tu. Siku ya mwisho mchoraji aachwe peke yake amalizie nyuso, mikono na maandishi.

Makosa yanayojirudia

- Kukaa kimya kuhusu posho. Sema katika mkutano wa kwanza nani atalipwa na nani anajitolea, la sivyo utasikia umekula fedha za mtaa.
- Kumpa mfadhili nusu ya ukuta kwa nembo yake. Kiganja kimoja kwenye kona kinatosha.
- Kuandika maneno mengi. Picha ikihitaji aya nzima ya kuieleza, rudi kwenye rasimu.
- Kuzindua kwa mgeni rasmi kabla ya kumpata mtunzaji.

Kagua kabla ya kufungua ndoo

☐ Barua ya mwenye ukuta, na ya TANROADS au TARURA kama ukuta uko kando ya barabara
☐ Saini za kamati kwenye rasimu ya mwisho
☐ Ridhaa ya kila mtu au ukoo unaochorwa
☐ Jaribio la kiganja na la nailoni limefanyika
☐ Mkataba wa mchoraji umesainiwa, awamu ya kwanza imelipwa
☐ Jina la mtunzaji na tarehe ya ukaguzi wa kwanza

Hilo la mwisho ndilo huachwa wazi mara nyingi. Mtunzaji awe mtu mwenye cheo kinachobaki, kama mwalimu wa zamu au katibu wa soko, ili akihama mwingine airithi kazi pamoja na funguo za stoo yenye makopo. Ukaguzi ufanyike kila Mei mvua zikiisha, na viraka vipakwe kabla ya Oktoba. Ukihesabu kurudi nyuma kutoka Agosti, ukaweka mwezi wa vibali, mwezi wa kusikiliza, mwezi wa rasimu na mwezi wa kukausha ukuta, barua yako ya kwanza inapaswa kuwa mezani kwa mtendaji wa mtaa mwanzoni mwa Aprili. Iandike.